Uyoga wa Wifi

Machi 4

Daftari hili nimepewa na wifi. Ni la hospitali, la jalada gumu la kijani, lenye mistari ya kuandikia joto la mgonjwa na choo chake. Amenikabidhi asubuhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi hati ya kiwanja.

"Andika kila siku," akasema. "Umekula nini, umeonja nini. Mgonjwa asiyeandika humdanganya daktari."

Nikamwambia mimi si mgonjwa, na yeye si daktari. Akajibu kwamba yeye ni muuguzi mstaafu mwenye miaka thelathini na miwili ya wodini, na kwamba jana jioni alinitilia chumvi vijiko viwili kwenye chai badala ya sukari, nami nikainywa yote, nikajifuta mdomo na kumshukuru.

Basi, siri imetoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na kikombe cha chai. Mwezi wa pili niliugua mafua makali, siku tisa kitandani. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua yangu na ulimi wangu. Nikila wali ni kama natafuna pamba. Nikinyonya ndimu nahisi maji baridi tu. Hilo lingekuwa balaa kwa mtu yeyote, lakini mimi ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Kila siku ya kazi watu mia tatu na kumi hula nilichopika. Mpishi aliyenitangulia, mikono ilipoanza kumtetemeka, aliwekwa kwenye karo kuosha sahani. Alivumilia miezi sita, akaondoka mwenyewe. Sitaki karo lile. Naogopa hata kulitazama.

Hakuna aliyejua. Sasa anajua mtu mmoja, na kati ya watu wote walio chini ya jua ni huyu.

Ladha: hakuna.

Machi 6

Nieleze kwa nini nasema "huyu". Wifi ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Tangu niolewe, miaka ishirini na sita, hajawahi kula chakula changu. Anakuja, anaketi, anasalimia kila mtu mpaka paka, na sahani ikiletwa anasema, "Nimeshiba, wifi." Alishiba siku ya harusi yangu, akashiba alipozaliwa binti yangu, akashiba hata msibani kwa mdogo wake mwenyewe. Mimi nalipwa mshahara kwa kupika, na wifi yangu anakuja kwangu na ndizi mbili mkobani.

Mvua za kwanza zimeng'oa mabati ya nyumba yake, na fundi amesema hapandi juu ya paa bovu mpaka mvua zipungue. Akaja kwangu na begi moja la nguo na mifuko ishirini na minne ya vumbi la mbao.

Mifuko hiyo ameitundika kwenye bafu la nyuma. Ni bafu ambalo mume wangu alilianza na hakulimaliza. Vigae vinapanda ukutani mpaka usawa wa bega langu, halafu vinakoma pale alipofika siku ya mwisho. Sijawahi kumruhusu fundi mwingine aviendeleze. Wifi hakuniuliza. Alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa taulo, akaning'iniza mifuko yake, na kila baada ya saa chache anaingia na chupa ya kunyunyizia na kuujaza ukungu chumba kizima.

"Ni uyoga," akasema nilipomuuliza. "Na huu haupendi haraka."

Ladha: hakuna.

Machi 9

Mvua. Nimefika kazini nimelowa mpaka soksi. Ladha: hakuna.

Machi 11

Napika kwa mazoea ya mkono. Inashangaza jinsi mkono unavyokumbuka. Leo wali, maharage na kabichi, na mkata sabuni mmoja wa mtambo wa pili amerudisha sahani iliyong'aa, akasema, "Mama Upawa, leo umetuua." Hilo ndilo jina langu pale. Nikacheka kama mtu aliyestahili.

Anayeninyima raha ni Baba Mapacha, msaidizi wangu. Ni mtu mzima wa miaka hamsini, mpole, na tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Tangu nitoke kuugua ananifuata na kijiko. Nikigeuka nakuta amefunua sufuria niliyoifunika. Nikimtazama anaifunika. Jana nilimwona mlangoni akinong'ona na meneja, na waliponiona wakanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Kukata kitunguu nilimfundisha mimi.

Ladha: hakuna.

Machi 17

Kwenye tundu la mfuko wa tatu kumetokea kitu cheupe, ukubwa wa punje ya hindi. Wifi ameniita nikione. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala.

Machi 20

Sasa kimekuwa ukubwa wa ngumi, na sikukitambua kuwa ni uyoga. Uyoga ninaoujua una mwavuli na mguu. Huu hauna mwavuli wala mguu. Ni nyuzi nyeupe tupu zinazoning'inia, laini, zimejaa matone, kama babu ambaye uso umesahaulika zikabaki ndevu. Na mifuko mingine nayo imeanza. Asubuhi mwanga wa dirisha dogo unapita kwenye ukungu, vigae vinang'aa mpaka pale vinapokoma, na ndevu zinaning'inia bila kutikisika. Nilisimama humo nikasahau kuwa nina haraka.

Nimeota niko ndani ya bafu hilo. Vigae vimefika darini. Mume wangu yuko juu ya ngazi, ananinyooshea mwiko wa kupakia saruji, ananiambia, onja. Nikaonja saruji, nikaikuta ni supu ya kuku yenye pilipili manga. Niliamka mate yamejaa mdomoni, nikaenda jikoni nikalamba chumvi. Nilikuwa nalamba mchanga.

Ladha: ndotoni tu.

Machi 22, Jumapili

Wifi amevuna. Amenionyesha: ndevu zikifika nusu ya kidole unakata, kabla hazijaanza kuwa njano. "Ukichelewa unakuwa mchungu. Hata mbwa haugusi."

Jikoni haukatwi kwa kisu. Unachanwa kwa vidole kufuata nyuzi zake. Aliuweka kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, akaukandamiza kwa mfuniko. Ukatoa maji mengi, yakachemka, yakakauka, kingo zikaanza kuwa kahawia. Ndipo akatia siagi, kitunguu saumu, chumvi, na ndimu kidogo mwishoni. "Ukitanguliza mafuta unayanywa yote, unakuwa sifongo," akasema. Mimi mpishi nilisimama pembeni nimeshika mikono, kama mgeni.

Tukaketi. Meno yangu yalifurahi, maana unatafunika kama nyama laini. Ulimi haukuwa na habari.

"Niambie," nikasema.

"Nikuambie nini?"

"Una ladha gani."

Wifi si mtu wa maneno mengi. Akatafuna, akafumba macho. "Kama nyama ya kaa," akasema. "Mwanzo kuna utamu kidogo. Halafu siagi. Halafu, nyuma kabisa karibu na koo, kitu kama karanga za kukaanga."

Nami nikafumba macho. Sikuonja kitu, lakini kwa muda mfupi nilijua mahali ambapo ladha ingekuwa, kama mtu anayejua kiti kilipo gizani.

Nikamuuliza kama utaniponya. Aliweka uma chini. "Kuna nchi za mbali wanaukausha na kuusaga, wanaunywa kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Mimi nilipopata kiharusi kile kidogo, vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi. Niliunywa mwaka mzima, na vidole vimerudi. Ni uyoga, au ni mwaka mzima? Sijui, wifi. Sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba hautakudhuru, na utakupa kitu cha kusubiri nacho."

Kwa hiyo nimepangiwa. Asubuhi kijiko cha unga wa uyoga kwenye maji moto. Jioni supu yake. Na mara mbili kwa siku nanusa vitu vinne kwa zamu, pumzi ishirini kila kimoja, nikikumbuka kwa nguvu harufu yake: karafuu, ganda la ndimu, kahawa, na kipande cha sabuni ya kiwandani kwetu.

Ladha: hakuna.

Machi 24

Nimenusa. Nimekunywa. Ladha: hakuna.

Machi 26

Hivyo hivyo. Mvua haijakata tangu juzi. Baba Mapacha na kijiko chake. Ladha: hakuna.

Machi 29, Jumapili

Leo wifi ameniuliza, "Kwenye sufuria kubwa ya maharage unatia chumvi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Kutosha ni vijiko vingapi?"

Sijapima chumvi maisha yangu yote. Ulimi ndio uliokuwa mizani, mkono ulifuata.

Akaniamuru nipike maharage hapa nyumbani, vikombe viwili, kama ninavyopika kule, na chumvi niiache mpaka yaive, maana ya mwisho inapimika vizuri. Nikapika. Kisha ikabidi mtu aonje, na nyumbani tulikuwa wawili. Aliinua kijiko, akasita. Miaka ishirini na sita ikasita naye. Akala.

"Ongeza chumvi."

Nikaongeza. Akaonja. "Ongeza tena." Mara tatu. Mara ya nne akasema, "Hapo." Akaandika, akapiga hesabu zake za dawa, mgonjwa mdogo na mgonjwa mkubwa, akachukua kopo la maziwa na kulikwaruza mstari kwa msumari. Mpaka kwenye mstari, kopo moja, sufuria moja kubwa. Halafu akavuta sufuria yangu ndogo mbele yake na kula maharage yote, kimya, mpaka akakwangua. Sikusema kitu. Niliogopa nikisema atakumbuka kuwa ameshiba.

Kuna jambo moja limenitatiza. Nikilinganisha na kopo, mkono wangu umekuwa ukitia labda robo tu. Iweje watu wanasifu? Nimechoka kulifikiria.

Ladha: hakuna.

Machi 30

Nitaandika yote.

Maharage yaliiva saa tano. Nikaenda stoo kuchukua kopo langu, nikalijaza mpaka kwenye mstari, nikatia, nikakoroga, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Saa sita kengele ikalia.

Wa kwanza kurudi dirishani alikuwa yule mkata sabuni. Aliweka sahani kwa upole, kama anaogopa itavunjika. "Mama Upawa, leo kuna nini?" Nyuma yake mwingine. Nyuma yao mstari mzima, kila mmoja na sahani yake iliyojaa. Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga.

Nikachota kijiko nikala. Nikala cha pili, na cha tatu, mbele ya watu wote, nikitafuta kosa ndani ya mdomo wangu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na mfuko umetoboka. Sikupata kitu. Wakaniona. Nadhani hapo ndipo walipoelewa.

Baba Mapacha akachota, akaonja, uso ukambadilika. Na mimi, kwa aibu, nikamgeukia yeye. Nikamwambia kwa sauti kwamba ameiharibu sufuria yangu, kwamba anaitaka aproni yangu tangu zamani, kwamba kijiko chake nimekiona. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika kiwiko, akanipeleka stoo nyuma ya magunia ya mchele.

"Mama, nimetia chumvi," akasema.

"Najua umetia."

"Hujui. Natia kila siku. Tangu urudi kuugua. Siku ya kwanza nilionja maharage nikakuta hayana kitu, nikasema Mama amechoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikawa naonja saa nne, naongeza ya kutosha, nafunika. Leo saa nne nimeonja, hayana hata punje. Nikatia yote mimi."

Saa tano nikaja na kopo langu.

Nilikaa juu ya gunia. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chetu kilikuwa kimejaa maharage. Kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake siri ileile, siri yangu mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama? Kuonja ulinifundisha wewe."

Nikamuuliza siku ile mlangoni alimwambia nini meneja. Akatazama chini. Alikuwa ameomba likizo ya wiki mbili akawaone mapacha wake shuleni. Akapewa. Kisha akairudisha, kwa sababu angeondoka yeye, nani angetia chumvi?

Nimelia mbele ya magunia. Nimemwomba radhi, na naandika hapa kwamba haikutosha.

Ladha: hakuna. Hata chumvi ya watu wawili.

Machi 31

Nimemwambia meneja ukweli kabla hajaniuliza. Ni mtu wa haki, na haki yake ina kona. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Lakini watu mia tatu na kumi walirudi kwenye mitambo na njaa." Amenipa mpaka mvua ziishe. Jumatatu, Juni mosi, nitaonja chakula mbele yake nimwambie kina nini na kimepungukiwa nini. Nikiweza, jiko ni langu. Nikishindwa, Baba Mapacha anakuwa mpishi mkuu na mimi nakwenda kwenye karo.

Baba Mapacha alitaka kukataa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Aprili 5

Kopo limebaki, kijiko kimebaki, na sasa mimi na Baba Mapacha tunavitumia kwa wakati mmoja. Ladha: hakuna.

Aprili 8

Ninamfundisha Baba Mapacha kusema. Anaonja na kuniambia, "Tamu." Namuuliza, tamu vipi, kama kitunguu kilichoiva au kama karoti mbichi? Imekaa mbele ya ulimi au pembeni? Mwanzoni alinitazama kama nimechanganyikiwa. Leo ameonja kabichi, akafikiri, akasema, "Mama, ina uchachu mdogo, kama nyanya imekuja mwishoni na haijaaga." Nikamwambia aiache jikoni dakika tano. Baadaye akasema imeaga.

Na mimi nimeanza kusikiliza. Kitunguu kikiwa tayari sauti yake hushuka. Wali ukikaribia, sufuria hunong'ona halafu hukaa kimya. Nilikuwa nasikia hayo zamani bila kujua nayasikia.

Ladha: hakuna.

Aprili 9, 10, 11

Mvua, mvua, mvua. Ladha: hakuna.

Aprili 19, Jumapili

Mavuno ya pili. Tumekata mafungu manane, tukachana matano na kuyakausha juu ya chujio kando ya jiko. Nyumba nzima, anasema wifi, inanukia kama karanga na bahari. Namwamini.

Jioni nilipika supu: uyoga, viazi, tangawizi kidogo, kitunguu. Yeye akaonja, nami nikarekebisha. Tumezoea sasa. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilibidi tusogeleane, na labda ndiyo sababu nikamuuliza. Kwa nini miaka yote ile alikuwa ameshiba.

"Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka saba," akasema. "Mimi nilikuwa na kumi na tano. Nilimpikia mpaka alipooa. Wiki moja baada ya harusi yenu alikuja kunisalimia. Nikampakulia. Akala kidogo, akacheka, akasema, 'Dada, kumbe miaka yote nilikuwa sijala.' Alikuwa anatania. Mdogo wangu alikuwa mtani, unamjua. Lakini wifi, mimi nilikuwa nimeungua vidole vyote hivi kwa ajili yake."

"Ungekula tu ukanisema vibaya."

"Na ningekula nikakikuta kitamu, ningefanyaje?"

Nilicheka na machozi yakanitoka. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kwa robo karne, na kumbe tulikuwa tunamlilia mtu mmoja kutoka pande mbili za sahani.

Nikamuuliza sasa anaonaje. Akachota supu. "Kitamu," akasema, kwa hasira kidogo.

Ladha: hakuna. Lakini imekuwa siku njema.

Aprili 23

Nimeota tena. Ndevu zimejaa nyumba nzima, natembea nazipasua kwa mikono kama pazia, na nyuma ya kila pazia kuna mtu anakula. Hakuna anayenitazama. Wote wameshiba.

Mei 2

Ladha: hakuna.

Mei 3

Hakuna.

Mei 10

Leo nimekataa unga. Nimekataa kunusa. Nimemwambia wifi kwamba yeye na ndevu zake wamenipotezea msimu mzima, na kwamba ningekwenda kwenye karo mwezi wa nne ningekuwa nimeshazoea. Alinitazama jinsi alivyowatazama wagonjwa wabaya miaka thelathini na miwili, akachukua chupa yake, akaingia bafuni.

Nilipotoka kulala mchana nilikuta mezani karafuu, ganda la ndimu, kahawa na sabuni. Vimepangwa mstari mmoja kwenye kitambaa safi. Hakukuwa na mtu.

Nikakaa nikanusa.

Mei 16

Baba Mapacha ameonja mchuzi bila kijiko cha pili na kusema kilichopungua. Ni mpishi sasa. Ninajivunia, na inaniuma. Sijui kilicho kikubwa.

Ladha: hakuna.

Mei 21

Mvua zimekuwa za kugusa tu na kuondoka. Fundi amemaliza paa la wifi. Mifuko imechoka, vumbi la mbao limekuwa jepesi mkononi. Wifi atarudi kwake Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimekaribia kumwomba abaki. Nimeona aibu.

Mei 27

Nimemuuliza yule fundi kama anajua kuweka vigae. Anajua. Atakuja wiki ijayo. Nilidhani nitalia nikimwambia, lakini nilimwambia tu vipimo.

Mei 30, Jumamosi

Asubuhi nimesafisha bafu la nyuma ili fundi apate nafasi. Mifuko ilikwishashushwa. Nyuma ya tangi la maji, pale juu ambapo vigae vinakomea, nikakuta mfuko mmoja umedondokea huko, umesahaulika. Ulikuwa umetoa uyoga mkubwa kuliko wote wa msimu, kama kichwa cha mtoto, ndevu ndefu zinagusa ukuta. Nikasema hii ni riziki. Nitampikia wifi chakula cha kumuaga, kwa mkono wangu, bila kumwomba aonje. Mwanga wa bafuni ni hafifu na jikoni nilikuwa na haraka. Niliuona umekolea rangi kidogo, nikadhani ni maji ya ukutani.

Nikauchana. Kikaango kikavu, mfuniko, maji yakakauka. Nikasikiliza mpaka sauti iliposhuka. Siagi, saumu, chumvi ya kupima, ndimu. Baba Mapacha alikuwa amefika na mkokoteni wa kubebea mizigo ya wifi. Nikampakulia naye.

Tukaketi watatu. Wifi akatia uma mdomoni, akatafuna. Akakaa kidogo. Akameza. Akachukua wa pili. Baba Mapacha naye akatafuna, macho yakamtoka maji kidogo, akamtazama wifi, naye wifi akamtazama, wakaendelea kula. Hakuna aliyesema kitu. Wifi alikuwa anakula kwa uangalifu, uma baada ya uma, mgongo umenyooka, kama mtu anayelipa kitu. Nikafikiri, amehuzunika kuondoka.

Nami nikala.

Kwanza nilidhani nimejiuma. Kulikuwa na kitu nyuma ya ulimi, pembeni, kikali, kinashika na hakiachii. Nikaacha kutafuna. Nikaogopa kumeza kisije kikaenda zake. Kikazidi. Kilipanda mpaka masikioni, mate yakanijaa mdomoni, nikiwa macho, mchana, mezani kwangu.

"Huu uyoga ni mchungu," nikasema.

Wakaacha kula wote wawili.

"Rudia," akasema wifi.

"Ni mchungu. Mchungu kama kwinini. Mmekaa hapa mnakula kitu kama hiki, mmerogwa?"

Wifi akatema kilichokuwa mdomoni kwenye kiganja chake, bila aibu yoyote, akafunika uso kwa mkono mwingine, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipomwondoa mkono, na alikuwa anafanya yote mawili. Baba Mapacha alikimbilia bomba, akanywa maji vikombe viwili, akarudi, akasema, "Mama, samahani, lakini hata mbwa hawezi."

Nikavuta sahani zao. Nikala yangu, nikala ya wifi iliyobaki, nikala ya Baba Mapacha. Hakuna chakula nilichowahi kukila hivyo. Nilijaribu chumvi baadaye, na sukari, na ndimu. Bado hakuna kitu. Uchungu peke yake umerudi, kama mgeni wa kwanza anayefika kabla viti havijapangwa.

"Ni uyoga?" nikamuuliza wifi.

"Ni uyoga, au ni miezi mitatu. Nilikwambia sitakudanganya."

"Keshokutwa meneja utamwambia nini?" akauliza Baba Mapacha.

"Nitamwambia mmoja amefika na wengine wako njiani. Asiponielewa, nitaosha sahani mpaka wafike, na wewe ukiunguza kitunguu nitakisikia kutoka kwenye karo."

Mizigo imebaki kwenye mkokoteni. Wifi amesema hawezi kusafiri na mdomo kama ule, ataondoka kesho, au fundi akimaliza vigae. Kisha ameniomba daftari lake. Yanayofuata ni mwandiko wake.

*Mei 30. Ladha: chungu. Mgonjwa amemaliza sahani tatu. Muuguzi hajashiba.*